Nguvu na Amana: Kijana Ajielezeje Mbele ya Mwajiri?

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Kikoneni katika mwezi wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.



Nimeombwa nizungumze juu ya kutafuta kazi na atachimenti, na hasa namna ya kujieleza kwa mwajiri. Hili ni jambo ambalo sisi tuliolelewa madrasa twalionea haya. Tangu wadogo tumefundishwa kuwa kujisifu ni vibaya, na kwamba riya huharibu amali. Hayo ni kweli, wala sikuja kuyapinga. Lakini tazama yanayotokea. Kijana amemaliza shule, au yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, aingia ofisi ya watu. Aulizwa, "Wajua kufanya nini?" Ajibu, "Nipeni kazi yoyote tu." Na barua yake yasema, "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii." Barua zote zilizo juu ya meza ile zasema hivyo hivyo! Mwajiri atajuaje wewe ni nani?

Sasa, je, kusema unachokiweza ni kujisifu? Turudi kwenye Qur'ani.

Katika Surat Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (A.S.) amuomba mfalme wa Misri amuweke juu ya hazina za nchi, na ataja sababu mbili: yeye ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua. Hakusema "nipeni yoyote". Alitaja kazi, akataja na sifa zinazofaa kazi ile. Tena tazameni mpangilio wake. Kabla ya kuomba, alikuwa ameshaonyesha ujuzi: alieleza miaka saba ya neema na saba ya ukame, na akashauri nafaka iachwe katika mashuke yake. Na alipoitwa atoke gerezani, hakutoka mpaka kesi yake ichunguzwe na jina lake lisafishwe. Kwa hivyo alitanguliza kazi na jina safi, ndipo akaomba.

Kisa cha pili ni cha Nabii Musa (A.S.) kule Madyan, Surat al-Qasas. Musa aliwanywesheza mabinti wawili wanyama wao, akaenda zake kivulini. Hakujitangaza. Ni mmoja wa mabinti wale, katika aya ya 26, aliyemwambia babake amuajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na muaminifu. Nguvu ndio uwezo wa kazi, na uaminifu ndio amana. Mwajiri yeyote, awe ni hoteli ya Diani, hospitali ya Msambweni au duka la jumla Ukunda, atafuta hayo mawili. Ataka kujua, je, huyu aweza? Na je, nikimpa ufunguo nitalala?

Basi twatoka hapa na jibu. Kujisifu ni kudai usichokuwa nacho, au kutaka watu wakutukuze. Kusema ukweli kuhusu kazi unayoiweza ni ushahidi, na kuficha ushahidi pia si sifa njema. Sasa tuingie katika vitendo.

Kwanza: Geuza sifa iwe kazi.

Kwenye ile karatasi tunayoiita CV, futa neno "mchapakazi". Badala yake andika ulilolifanya. Wengi wenu hapa mwasema hamna uzoefu wowote. Hebu ngojeni. Ni nani awafundishaye watoto wadogo alifu na bee jioni ustadh akiwa safarini? Ni nani ashikaye daftari la michango ya futari? Ni nani akaaye kwenye duka la M-Pesa la mjomba wakati wa likizo? Hayo yote ni uzoefu.

Mathalani usiandike, "Nina uwezo wa uongozi." Andika, "Kwa miaka miwili nimefundisha darasa la watoto 25 madrasa, nikitunza daftari la mahudhurio na ada." Usiandike, "Mimi ni mwaminifu." Andika, "Nilishika fedha za duka kwa miezi mitatu, nikifunga hesabu kila jioni." Weka idadi, weka muda, sema ulifanya nini kwa mikono yako. Aliyehifadhi juzuu kumi naye aandike, maana kuhifadhi kwataka subira na nidhamu ya kila siku, na akiulizwa aeleze hivyo. Karatasi mbili zatosha. Na kila barua iandikie kazi ile ile inayoombwa. Barua moja isitumwe kwa mwalimu mkuu na kwa meneja wa hoteli.

Pili: Weka sanad.

Sisi wa madrasa twajua kwamba hadithi bila sanad haipokelewi. Huulizwa: umeipokea kwa nani, naye ni mtu gani? CV nayo ni hivyo. Kila unachodai, pawe na mtu aliyekiona. Bibi Khadija (R.A.) alimpa Mtume (S.A.W.) mali yake ya biashara kwa sababu ya sifa ya ukweli na uaminifu aliyokuwa nayo Makka, na Maysara, mtumishi wake, ndiye aliyefuatana naye Sham akarudi na habari ya aliyoyaona. Wewe Maysara wako ni nani?

Waombe ruhusa mapema mwalimu, ustadh au mwenye duka, usimshtue mtu kwa simu ya mwajiri asiyemjua. Ukiwa atachimenti, daftari lako lijaze kila siku na lisainiwe na msimamizi. Usingoje wiki ya mwisho ukajaza kwa kukisia. Na wale walioajiriwa, hata kwa miezi michache, wajue kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yampa mfanyakazi haki ya kupewa cheti cha utumishi anapoondoka, ikiwa amefanya kazi si chini ya wiki nne mfululizo. Dai cheti hicho, kiweke pamoja na vyeti vyako vya shule.

Tatu: Usiongeze chumvi.

Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa vyeti 2,067 vya kughushi vimepatikana katika taasisi za serikali. Wenye vyeti hivyo walijieleza vizuri sana, lakini mshahara wanaolishia watoto wao ni wa nini? Ndugu zangu, ukiulizwa kompyuta nawe wajua kuandika barua tu, sema wajua kuandika barua na uko tayari kujifunza hesabu zake. Mwajiri aweza kukufundisha usichokijua. Uongo wako hawezi kuufundisha adabu.

Nne: Dini yako usiifiche wala usiifanye udhuru.

Kuna vijana hawaombi kabisa kazi za hoteli kwa kuchelea pombe. Hukumu zake tuwaulize masheikh wetu. Ninachosema mimi ni kwamba hoteli haina baa peke yake. Ina uhasibu, stoo, dobi, bustani, umeme, mapokezi. Sema wazi kitengo unachokiomba na kwa nini wakifaa. Dada mwenye hijabu aingie nayo kwenye intavyu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 32, yasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya dini yake. Lakini ukipewa dakika kumi za swala, ziwe kumi. Ukizifanya arobaini umemharibia Muislamu atakayekuja baada yako.

Wenzangu, kwa nini nasisitiza haya? Kiwanda cha sukari cha Ramisi kiliwaajiri wazee wetu wengi, kikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mgodi wa Base Titanium ulianza uzalishaji mwaka 2013, ukasimamisha uchimbaji Desemba 2024. Kampuni huja, kampuni huenda. Waliofanya kazi pale, wakatoka na ufundi na mtu wa kuwashuhudia, wana cha kuonyesha kwingine. Aliyetoka na sare tu, ameanza upya. Na jirani yetu hapa ni mlima wa Mrima, ambao madini yake yametajwa miaka na miaka. Kama utachimbwa au hautachimbwa, huo ni mjadala wa wazee na serikali. Lakini akija mwajiri yeyote kesho, tukabaki kusema tu kwamba "kazi wanapewa wageni", na hali hatuna karatasi ionyeshayo tuwezalo, malalamiko yetu hata yakiwa ya haki yatakosa ushahidi.

Kwa hivyo nawaomba jambo moja. Baada ya tarawehe usiku huu, kila mmoja achukue karatasi. Upande mmoja aandike mambo matatu aliyoyafanya kwa mikono yake. Upande wa pili aandike jina la mtu aliyemuona akiyafanya. Upande wa pili ukiwa mtupu, usikate tamaa. Kesho nenda kajitolee mahali, hata madrasa yako mwenyewe, ufanye kazi ya kuonekana. Na nyinyi wazee na maustadh, kijana akifanya vizuri mwandikieni barua. Karatasi moja yenye sahihi yenu yaweza kumfungulia mlango.

Namuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atufanye wenye nguvu na wenye amana, na azitakabali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.