Maji ya Kisima na Hodhi la Joto

Shikeni penseli zenu, maana leo mtaandika tarakimu moja na kuikumbuka: 44.5.

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuteka maji ya kisima na kuyapeleka kupimwa. Baadhi yenu mkauliza: "Mpimaji hufanya nini huko maabara? Mbona maji yetu ni maangavu, tena hayana harufu?" Leo nitawajibu.

Maji maangavu si lazima yawe maji safi. Choo kikiwa karibu na kisima, au ng'ombe wakinywea hapo hapo, kinyesi huweza kuingia, na pamoja nacho vijidudu vya homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara. Kuvitafuta vijidudu hivyo kimoja kimoja ni kazi kubwa. Basi wataalamu hutafuta shahidi. Shahidi huyo ni kijidudu kiitwacho E. coli, ambacho daktari Theodor Escherich alikieleza mwaka 1885. Kijidudu hiki hukaa katika matumbo ya watu na wanyama. Kikionekana majini, twajua kwamba kinyesi kimeingia.

Lakini iko shida. Udongoni na katika majani mna vijidudu vingine vinavyofanana nacho sana. Tutavitenganishaje? Kwa joto. Mwaka 1904 daktari Christiaan Eijkman wa Uholanzi alionyesha kwamba vijidudu vya matumboni mwa watu na wanyama wenye damu ya moto huvumilia joto ambalo vingine vya jamii yao haviliwezi. Yeye alitumia digrii 46 za Sentigredi. Baadaye digrii 44.5 ikaonekana kufaa zaidi. Basi joto hapa ni kama chekeche: hupitisha hiki, huzuia kile.

Kazi yenyewe ni hivi. Mpimaji hutia maji ya kisima katika vichupa vyembamba vya kioo vyenye mchuzi maalumu wa sukari ya maziwa. Ndani ya kila kichupa mna kichupa kidogo zaidi, kimepinduliwa. Vijidudu vikila sukari hutoa gesi, kama vile togwa litoavyo mapovu, na gesi hunaswa humo. Kwanza vichupa hukaa katika kabati lenye joto la digrii 35 au 37. Kichupa kikionyesha gesi, tone lake huhamishiwa katika mchuzi wa pili, na huo ndio uingiao katika hodhi la maji ya moto, digrii 44.5, kwa muda wa saa 24. Joto lisizidi wala kupungua zaidi ya sehemu mbili za kumi za digrii.

Kwa nini maji, na si kabati tena? Ukifungua mlango wa kabati, hewa ya moto hutoka mara moja. Maji hayapoi upesi, tena hukigusa kichupa pande zote. Kwa hiyo maji ya hodhi lazima yapande juu kuliko mchuzi uliomo kichupani, na hodhi lifunikwe.

Mwezi uliopita nilikwenda kuitazama kazi hiyo katika maabara moja. Mshale wa hodhi ulikuwa penye 44.5. Mpimaji akatia kipimajoto chake majini, nacho kikasoma 42. Nilidhani atasema, "Haidhuru, tofauti ni ndogo." Hakusema hivyo. Alifuta majibu yote ya siku ile, akaagiza maji yatekwe upya, ijapokuwa wanakijiji walikuwa wakingoja. Nikamwuliza sababu.

"Bwana," akasema, "hodhi likipoa, vijidudu vya udongoni navyo vitatoa gesi. Nitasema kisima kizuri ni kibaya, na akina mama watakwenda mbali kuteka maji bure. Likizidi joto, shahidi wangu atanyamaza. Nitasema kisima kibaya ni kizuri, na watoto watakunywa."

Ndugu zangu, ndiyo maana msikasirike mkiambiwa mngoje siku chache zaidi. Na karatasi ya majibu ikija, msimwachie mtu mmoja kuisoma. Sasa mnajua kusoma: tafuteni mstari wa E. coli. Maji ya kunywa yanatakiwa yasiwe na kijidudu hicho hata kimoja katika mililita 100, yaani kama nusu kikombe cha chai. Kikiwamo, chemsheni maji mpaka yatokote, kisha mchunguze choo kiko wapi na ng'ombe wanakunywea wapi.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini E. coli huitwa shahidi?
2. Hodhi likiwa na digrii 42, kuna hatari gani?
3. Kisima chenu kina umbali gani na choo kilicho karibu zaidi? Kapimeni kwa hatua, mwandike jibu.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.