Mipaka ya Wadi na Uzito wa Kura

Mwananchi anapofika kituoni siku ya uchaguzi, akapokea karatasi yake, akaitia alama na kuitumbukiza sandukuni, huamini kwamba karatasi hiyo ina uzito sawa na ile ya jirani yake. Imani hiyo ndiyo msingi wa uchaguzi wowote ulio wa haki. Lakini uzito wa kura haupangwi siku ya kupiga kura. Hupangwa miaka mingi kabla, pale ramani inapokunjuliwa mezani na mpaka ukachorwa kati ya wadi moja na nyingine. Sanduku laweza kulindwa na askari, kura zikahesabiwa mbele ya mawakala wote, na bado mwananchi mmoja akawa amepewa nusu tu ya sauti ya mwenzake. Kosa la namna hiyo halina kishindo, na kwa sababu hiyo huweza kudumu miaka mingi bila kurekebishwa.

Nchini Kenya jambo hili si geni. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2009, eneo bunge la Embakasi jijini Nairobi lilikuwa na watu 925,775, na lile la Lamu Mashariki lilikuwa na watu 18,841. Kila moja lilikuwa na mbunge mmoja. Kwa maneno mengine, watu 49 wa Embakasi waligawana sauti aliyokuwa nayo mtu mmoja wa Lamu Mashariki. Tofauti hiyo haikuletwa na mtu mmoja kwa siku moja. Maeneo bunge yalikuwa 210 tangu uchaguzi wa 1997, watu wakahama, miji ikakua, na mipaka ikabaki pale pale.

Katiba ya mwaka 2010 ilikusudia kuliondoa tatizo hilo. Iliweka maeneo bunge 290, na Embakasi ikagawanywa mara tano. Mwezi Machi 2012 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitangaza mipaka mipya ya maeneo bunge hayo pamoja na wadi 1,450. Wadi hizo ndizo zinazowachagua madiwani wa mabunge ya kaunti tangu mwaka 2013, yalipofikia kikomo mabaraza 175 ya zamani ya serikali za mitaa.

Inafaa watumishi wa umma na walimu waifahamu barabara kanuni yenyewe, kwa maana ndio wanaoulizwa na wananchi. Ibara ya 89 ya Katiba yasema kwamba idadi ya wakazi wa kila wadi ikaribie, kadiri iwezekanavyo, kiwango cha wastani. Kiwango hicho hupatikana kwa kugawanya idadi ya wakazi wote wa nchi kwa idadi ya wadi. Kwa sensa ya 2009 kilikuwa watu wapatao 26,600. Kwa sensa ya 2019, iliyohesabu watu 47,564,296, kilifikia takribani 32,800. Wadi yaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 40 katika majiji na katika sehemu zenye watu wachache, na kwa asilimia 30 kwingineko. Sababu za kuruhusu tofauti hiyo zimetajwa: sura ya nchi na miji, umoja wa jamii pamoja na uhusiano wake wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano.

Kanuni hiyo ni njema. Lakini ubora wa kanuni hujulikana inapopelekwa mahali pagumu, na pagumu pamoja ni kaunti ya Lamu.

Kaunti hiyo ina wadi 10. Tatu zimo Lamu Mashariki, nazo ni Faza, Kiunga na Basuba. Saba zimo Lamu Magharibi, nazo ni Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Kwa hesabu ya sensa ya 2009 wadi za Mashariki zilikuwa na wastani wa watu 6,280 kila moja, na za Magharibi watu 11,814. Yaani, diwani mmoja wa Magharibi aliwakilisha karibu mara mbili ya watu wa mwenzake wa Mashariki. Sensa ya 2019 ilikuta watu 22,258 Mashariki na 121,662 Magharibi. Wastani ukawa 7,419 kwa upande mmoja na 17,380 kwa upande wa pili, na tofauti ikazidi mara mbili na theluthi. Hakuna aliyeigusa ramani tangu ilipochorwa mwaka 2012 hadi sensa hiyo, na hapo ndipo penye somo: mpaka ulioachwa bila kupitiwa huzidisha tofauti wenyewe, mwaka baada ya mwaka, pasipo mtu yeyote kutia saini.

Matokeo yake ni haya. Lamu Mashariki ina asilimia 15 na nusu ya wakazi wa kaunti, nayo ina asilimia 30 ya viti vya kuchaguliwa katika bunge la kaunti. Bunge hilo ndilo linalopitisha bajeti ya zahanati, ya shule za chekechea, ya maji na ya barabara za kaunti. Kila fedha inapogawanywa kwa wadi kwa kiasi sawa, iwe ya basari au ya miradi, mtoto wa wadi yenye watu wengi hupata sehemu iliyo ndogo. Mwalimu aliyeko Hongwe au Bahari, akiwa na orodha ndefu ya wanafunzi wanaohitaji karo, hahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo.

Hata hivyo, haki haitendeki kwa kusikiliza upande mmoja. Wakazi wa Lamu Mashariki nao wana hoja nzito. Faza iko katika kisiwa cha Pate, ambako kufika ni kwa chombo cha baharini. Kiunga iko bara, karibu na mpaka wa Somalia. Basuba iko katika nchi ya msitu wa Boni, makao ya Waaweer, jamii ndogo ambayo kwa muda mrefu iliishi kwa kuwinda na kurina asali. Katika msitu huo operesheni ya usalama ilianzishwa mwaka 2015, na shule kadhaa za msingi za wadi hiyo zilifungwa kwa miaka kutokana na mashambulizi. Wadi hizo tatu zikiunganishwa kuwa moja, diwani atahitaji mashua, gari na ulinzi ili awafikie watu wake. Tena ni dhahiri kwamba Waaweer, kwa uchache wao, hawatamchagua mtu wa kwao hata siku moja wakitiwa katika wadi moja na wakazi wa visiwani.

Iko pia hofu ambayo haitajwi sana mikutanoni, ila imo mioyoni. Lamu Magharibi imepokea wahamiaji kutoka bara kwa miongo mingi, hasa kupitia mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulioanzishwa Mpeketoni katika miaka ya 1970. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, yatazamiwa kuvuta watu zaidi. Wenyeji wa visiwani huogopa kwamba, hesabu ikifuatwa peke yake, watakuwa wageni katika baraza la nchi yao. Nao waliokuja bara ya Lamu miaka 50 iliyopita, na watoto wao waliozaliwa pale, huuliza kwa nini kura yao ihesabiwe nusu. Pande zote mbili ni wananchi, na malalamiko yote mawili ni ya kweli. Atakayepuuza moja atakuwa amepanda ugomvi katika kaunti ambayo imekwisha kuonja machungu ya umwagaji damu.

Basi uamuzi wa haki utapatikanaje?

Kwanza, hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kipimo cha Katiba ni cha nchi nzima. Kikifuatwa bila kulegezwa, Lamu yote yenye watu 143,920 ingestahili wadi nne au tano tu, na Nairobi, yenye wadi 85 na wastani wa watu 51,700 kwa kila wadi, ingestahili kuongezewa nyingi. Lakini diwani wa Nairobi haketi katika bunge moja na diwani wa Lamu. Hawapigi kura juu ya bajeti moja. Kura ya mkazi wa Kayole haipunguziwi nguvu na kura ya mkazi wa Kiunga. Dhuluma hasa huwa pale ambapo watu wawili wanaoongozwa na bunge moja la kaunti wana uzito tofauti ndani ya bunge hilo. Kwa hiyo yafaa Bunge na wananchi watafakari iwapo kipimo cha wadi kisihesabiwe ndani ya kila kaunti, na kipimo cha nchi nzima kibaki kwa maeneo bunge, ambayo wabunge wake huketi pamoja. Kwa njia hiyo Lamu ingeweza kubaki na bunge lenye wajumbe wa kutosha kufanya kazi, na wakati huo huo ikalazimika kusawazisha mizani iliyo ndani ya nyumba yake.

Pili, tofauti itakayobaki itolewe sababu hadharani. Kusema tu kwamba wadi fulani iko mbali hakutoshi. Itajwe iko mbali kiasi gani, hufikiwa kwa njia gani, na kwa nini haiwezi kuunganishwa na jirani yake. Kwa kipimo hicho, huenda Basuba ikastahili kubaki peke yake kwa hoja ya jamii na ya mawasiliano, na huenda sehemu nyingine zikakosa hoja ya namna hiyo. Upendeleo wenye sababu iliyoandikwa waweza kujadiliwa na hata kupingwa Mahakama Kuu, kwani Katiba inatoa siku 30 za kufanya hivyo. Usio na sababu hauna pa kushikwa.

Tatu, jamii ndogo zilindwe kwa njia zilizowekwa kwa ajili yake. Ibara ya 177 imeweka viti maalumu katika bunge la kaunti kwa ajili ya makundi yaliyotengwa. Ibara ya 204 imeunda Hazina ya Usawazishaji ili huduma za maji, barabara, afya na umeme zifike sehemu zilizoachwa nyuma, na Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo zilizotajwa kunufaika. Katika Seneti kila kaunti, kubwa kwa ndogo, huchagua seneta mmoja. Njia hizo zikitumika kwa uaminifu, hofu ya walio wachache hupungua, na mpaka wa wadi haulazimiki kubeba mzigo usiokuwa wake. Zisipotumika, watu wataing'ang'ania ramani ya zamani kwa kuwa ndiyo ngao pekee waliyobaki nayo.

Nne, kazi ifanywe kwa wakati. Katiba yataka maeneo bunge yapitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, na wadi zipitiwe mara kwa mara. Miaka 12 tangu mipaka ya 2012 ilitimia Machi 2024, na wakati huo Tume haikuwa na makamishna, hali iliyodumu tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Ikumbukwe pia kwamba ulinzi uliowekwa mwaka 2010, wa kutofuta eneo bunge lolote lililokuwapo, ulikuwa wa mapitio ya kwanza tu. Ulinzi huo uliyanusuru maeneo bunge 27, Lamu Mashariki ikiwamo. Mapitio yanayofuata hayana kinga hiyo, na kadiri yanavyocheleweshwa ndivyo marekebisho yatakavyokuwa makubwa na yenye maumivu.

Mabibi na Mabwana,

Katika kazi hii watumishi wa umma na walimu si watazamaji. Sensa ndiyo mama wa mipaka, na sensa hufanywa kwa mikono yao. Mtu asiyehesabiwa hupotea mara mbili, katika mgao wa huduma na katika mgao wa sauti. Mtu anayehesabiwa mara mbili humwibia mwenzake. Takwimu za baadhi ya sehemu za kaskazini zilibishaniwa baada ya sensa ya 2009 na zikabishaniwa tena baada ya ile ya 2019, na kila takwimu yenye shaka huzaa mpaka wenye shaka.

Kisha Tume itakapokuja kusikiliza maoni, kama Katiba inavyoiagiza, wanasiasa watafika na wafuasi wao, na kila mmoja atatetea mpaka unaompa kura. Mwananchi wa kawaida atamgeukia mwalimu amsomee ramani, na atamgeukia ofisa wa kaunti ndogo amweleze utaratibu. Wakimweleza kwa ukweli, pasipo kuegemea ukoo, dini wala mgombea, atasimama mwenyewe na kusema kijiji chake hununua bidhaa soko gani, hutibiwa zahanati ipi, na huvuka maji yapi kwenda kumwona diwani wake. Ushahidi wa namna hiyo ndio unaoipa Tume uwezo wa kupambanua baina ya tofauti ya haki na tofauti ya hila.

Hakuna ramani itakayowaridhisha watu wote wa Lamu, wala wa kaunti nyingine yoyote. Lakini mkazi wa Faza na mkazi wa Hongwe wanaweza kuikubali ramani moja, iwapo kila mmoja ameoneshwa hesabu yake, akasikilizwa hoja yake, na akahakikishiwa kwamba baada ya miaka iliyowekwa hesabu hiyo itafanywa upya. Kuwapa uhakika huo ni wajibu wa kila aliyekabidhiwa daftari la sensa, ramani ya wadi au chaki ya darasani.