Siasa na Nyimbo Katika Desemba Yetu
Hotuba iliyotolewa katika sherehe ya Sikukuu ya Jamhuri

Sisi wauguzi wa chama hiki tumeombwa tuseme machache juu ya swali linaloturudia kila Desemba: je, siasa za nyumbani zizungumzwe ndani ya ukumbi huu, au ziachwe mlangoni ili tuimbe na kula kwa amani?

Kwetu sisi Wakenya, mwezi huu haujawahi kutenganisha mambo hayo. Tulipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, tukawa Jamhuri tarehe iyo hiyo mwaka uliofuata, na siku 13 baada ya sherehe hiyo huja Krismasi. Hata wimbo wetu wa taifa, tulioimba tukisimama hapa sasa hivi, ni sala ya watu wote iliyotiwa katika sauti ya wimbo ambao mama wa Kipokomo alimbembelezea mtoto wake. Waliotutungia wimbo huo walijua kwamba nchi mpya inahitaji pia kitu cha kuimba.

Lakini Desemba hiyo hiyo imetuumiza. Mara nne mfululizo, mwaka 1992, 1997, 2002 na 2007, tulipiga kura katika wiki ya Krismasi. Magari ya kampeni na kwaya za kanisa yalipishana njiani. Mwaka 2007 kura zilipigwa tarehe 27, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na kufikia mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa. Tuliokuwa huku tunakumbuka simu zilizoita bila kupokelewa, na watu waliokula pamoja sikukuu wakaacha kusalimiana kabla ya Januari kwisha. Katiba ya 2010 ilihamisha uchaguzi hadi Agosti. Mazungumzo yetu yalibaki Desemba, kwa sababu ndio mwezi tunaokutana.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga siasa marufuku. Tunawaelewa, kwa maana wameona mengi. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Krismasi ya 2024 ilizikuta familia kadhaa nyumbani zikiwatafuta vijana wao waliotekwa nyara. Mzazi wa namna hiyo akiwa na dada yake katika ukumbi huu, tumwambie nini? Kwamba leo ni siku ya nyimbo tu? Tena sisi ndio tunaotuma karo na pesa za hospitali. Bei ya unga na ushuru wa nyumbani hutufikia huku kwa simu. Mwaka 2022 Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi ambamo Wakenya walio ng'ambo walimpigia kura rais, na Agosti 2027 uchaguzi mwingine unakuja. Mwenye kura hawezi kuambiwa anyamaze.

Upande wa pili, tumeona pia siasa ikimeza sherehe nzima. Mjadala unaanza saa kumi jioni, saa nne usiku bado mtu ameshika kipaza sauti. Watoto wamelala juu ya viti na makoti yao, chapati zimepoa, na kwaya iliyofanya mazoezi wiki sita inakwenda nyumbani bila kuimba. Hapo hasara ni kubwa kuliko tunavyodhani. Watoto wetu waliozaliwa hapa husikia lugha ya nyanya yao ikiimbwa na watu wengi mara moja tu kwa mwaka, katika ukumbi huu. Wakija wakasikia makabila yakitukanwa, hiyo ndiyo Kenya watakayobaki nayo.

Basi tuseme tunavyofanya kazini, labda itasaidia. Zamu zikibadilishana, muuguzi anayeondoka humpa ripoti anayeingia. Huenda wawili hao hawapendani, lakini ripoti lazima itolewe, kwa sababu kuna mgonjwa kitandani. Anayetoa ripoti husema alichokiona na alichokifanya. La kudhani hulitaja kuwa ni dhana. Anayepokea husikiliza hadi mwisho, kisha huuliza. Hakuna anayeuliza mwenzake ni wa kabila gani.

Tunapendekeza mazungumzo yetu ya siasa yapewe saa moja, mapema, kabla ya chakula, na mwenyekiti mwenye saa mkononi. Kila msemaji apewe dakika tano. Aseme analolijua na alikolipata. Aseme jina la kiongozi akitaka kumlaumu, lakini asilaumu jamii nzima. Vijana wapewe nafasi kabla ya wazee kuchoka. Saa ikiisha, tunaketi mezani.

Baada ya chakula, nyimbo. Kila meza ifundishe wimbo mmoja wa Krismasi kwa lugha yake, na meza nyingine ziitikie: Waluo waitikie kwa Kikamba, Wakikuyu kwa Kikalenjin, hata ulimi ukikwama. Ndugu zetu Waislamu wa Pwani ambao nyimbo za kanisa si zao wasilazimishwe. Wimbo wa taifa, chakula na mazungumzo ni vya wote, ndiyo maana tumevitanguliza.

Tena hao hao ndio wanaotubeba. Tarehe 25 wauguzi wengi Waislamu huomba zamu ili wenzao Wakristo wakae na watoto, na Iddi ikifika sisi huwarudishia. Katika kubadilishana huko hatujasikia mtu akiuliza mwenzake alimpigia nani kura.

Mwenyekiti, tunaiomba kamati ijaribu utaratibu huu mwaka mmoja, kisha tuupime pamoja. Kwa leo, saa moja ya siasa inaanza sasa. Sufuria ziko jikoni, na kwaya wanatungoja.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri, na Krismasi njema kwa wanaoiadhimisha.