Po ya mutoto, na kile kilicho ndani inaenda wapi

*Maneno ambayo mama mumoja reko alituambia ku mukutano wetu wa mwezi, hapa Mashamba. Katibu ameyaandika jinsi yalivyosemwa, amepunguza kidogo tu.*

 

Rais wa chama aliniambia: "Mama, uko na dakika kumi na tano, utuongelee juu ya po." Watu wakacheka. Mucheke tu. Lakini kuko feza mu sanduku ya chama ya kununulia po kwa familia zilizo na watoto wadogo, na mbele ya kuitoa, tujue tunanunua nini. Mara ya kwanza tulikosea.

Munakumbuka ule mukarto uliotufikia, wa po za sura ya bata na za sura ya tembo. Marafiki, tuliwashukuru na tunawashukuru tena, moyo wenu tuliuona. Ila mimi njo nilipita parsele kwa parsele kuangalia, basi niwaambie kweli. Watoto walifurahi sana. Walipanda juu ya bata, wakakimbizana naye mu parsele, wakapigana juu yake. Karibu hakuna aliyekojoa ndani. Na kwa wale waliokojoa, mukojo ulipita ku katundu fulani, ukaingia mu kichwa ya bata, sababu mule ni tupu, na hauwezi kufikisha mukono wala burushi. Siku tatu, harufu. Mama mumoja akajaza udongo ndani, akapanda vitunguu. Kwa vitunguu, iko muzuri.

Sasa kosa yangu mimi mwenyewe.

Wakati tulirudi toka Zambia, tulikuja na watoto waliozaliwa kambini. Kule tulikuwa na musalani yetu, tuliichimba sisi wenyewe. Hapa tulipanga nyumba mu parsele ya familia sita, musalani moja, tundu kubwa, mbao zinacheza. Mujukuu wangu alikuwa na miaka miwili. Aliogopa ile tundu, na alikuwa na haki, mutoto wa vile anaweza kuanguka mule. Nikamupa besani ya zamani ya plastiki. Ilikuwa na ufa pembeni, na haikukuwa na kifuniko. Usiku, na mvua inanyesha, sikuwa na nguvu ya kuvuka parsele mpaka musalani. Nilikuwa ninamwaga nyuma ya nyumba, kwenye takataka, karibu na kisima. Nilijisemea: mafi ya mutoto mudogo haina kitu, yee anakula uji tu.

Ku mwezi wa pili, mvua mingi, watoto wane wa parsele wakaanza kuhara, na mujukuu wangu ndani. Wawili walilala ku lopitali na serumu mu mukono. Jirani yangu akauliza: "Lakini haya maji imeharibiwa na nini?" Mimi nikanyamaza. Nikachukua ndoo yangu, nikaingia mu nyumba. Leo yee yuko hapa, anakaa ku benchi ya nyuma. Yaya, mutoto wako alikuwa mumoja wa wale wawili. Unisamehe. Nilipaswa kukuambia ile siku ile.

Kisha walinifundisha kazi ya reko, njo nikajua. Mafi ya mutoto inabeba vijidudu sawa na ya mutu mukubwa, na mara mingi kupita, sababu watoto njo wenye kuhara mara kwa mara. Kolera inapita mu njia ile ile: mafi, maji, mikono, kinywa. Po si dawa ya hiyo. Po ni chombo cha kubeba mafi toka kwa mutoto mpaka mu musalani, bila kumwanga hata kidogo njiani. Ukiichagua kwa akili ile, hautakosea.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninaangalia ku soko ni kifuniko. Po bila kifuniko, nzi wanafika mbele yako. Na usiku, kama mvua inapiga, unaifunika, unaiweka mu kona, asubuhi unaenda kumwaga mahali pake. Kama ningekuwa na kifuniko ile mwaka, labda nisingekuwa ninaomba musamaha hapa.

Kisha ninaingiza mukono ndani. Iwe kipande kimoja, laini, bila viungo na bila mikunjo. Mahali kidole chako hakipiti, sabuni pia haipiti. Rangi, mutaniambia ni mambo ya urembo. Hapana. Chagua nyeupe, ao rangi ya maji-maji, sababu unapaswa kuona. Damu mu mafi, utaiona. Na kolera inatoa maji kama yale tuliyooshea muchele. Mu po nyeusi hauwezi kujua. Ukiyaona, usingoje kesho: mutoto anywe serumu ya kinywa, na munaenda ku santre muko njiani munamunywesha.

Pindua po, uiweke chini, uisukume pembeni na kidole. Kama inaanguka ikiwa tupu, na mutoto juu itaanguka zaidi. Miguu ya mutoto iguse chini yote, magoti yapande kidogo kupita kiuno. Pale anasukuma bila shida. Kwa vijana, kuko po zenye kiulimi pale mbele cha kuzuia mukojo. Ni muzuri kama ni cha mviringo. Kama ni cha kuchomeka na ncha kali, acha, ataumia mara moja tu na hatakaa tena. Zile za chuma za emaye, bakambo wetu walizipenda na zinaishi miaka, lakini mu baridi ya mwezi wa sita hapa Kolwezi, asubuhi, nani atakubali kukalia chuma?

Kuko kitu kimoja ninakataza kabisa. Bidon na mafuti yaliyotoka ku mine, watu wanayakata, wanatengeneza besani. Bei ni ya chini. Hayo yalibeba asidi na dawa zingine ambazo wewe haujui jina. Usikalishe mutoto pale, hata kama umeyaosha mara kumi.

Na po usiiweke juu ya udongo mutupu. Weka juu ya mukeka ao simenti. Mu mwaka wa 2018, watafiti wa Université de Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji walitangaza kile walikuta kwa ndugu zetu wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi: watoto wanaokaa karibu na machimbo walikuwa na kobalti mingi sana mu mukojo kuliko watoto wa mahali pengine, na vumbi ilikuwa mu njia zake. Mutoto anakaa ku po, anacheza na vumbi, kisha mukono mu kinywa. Basi akitoka ku po anawa, na wewe uliyemwaga unanawa, na sabuni; kama sabuni imeisha, jivu.

Juu ya umri. Bamama wengi wananiuliza kama mwaka mumoja ni mapema. Wanaosoma vitabu vya Ulaya wanasema ungojee miezi 18 ao zaidi, mutoto aonyeshe dalili: anakaa kikavu saa mbili, anakuambia na sura yake. Sawa. Lakini mu 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, waliandika juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya: mama anaanza mu juma za kwanza, anakaa chini, ananyoosha miguu, mutoto katikati, anamufanyia sauti, na kufikia miezi 5 ao 6 mutoto ni mukavu. Kambo wangu alifanya karibu vile vile na miguu yake. Kwa hiyo musimucheke kambo. Lakini kile kilichoanguka mbele ya miguu ya kambo, nacho kinapaswa kwenda mu musalani, na maji ya kuoshea pia. Pampers vile vile: ninaziona mu mifereji kila mvua.

Sasa maombi yangu kwa chama na kwa marafiki. Musitume tena po toka mbali. Zile za kawaida, nyeupe, na kifuniko, ziko ku soko. Yangu nililipa 4.000 franka. Tununue hizo, moja kwa kila mutoto, na feza inayobaki tulipe fundi atengeneze vibamba vya simenti vyenye tundu ndogo na kifuniko, kwa parsele zile ambapo musalani inatisha. Sababu nikimupa mama po, na musalani imejaa mpaka juu, atamwaga wapi? Nyuma ya nyumba, kama mimi.

Wale ambao musalani yao imejaa, mupitie kwa katibu leo, aandike namba ya parsele. Hakuna haya. Ku meza kuko po tatu: mupindue, musukume, muingize mukono. Besani yenye ufa nimeileta pia. Hiyo haiuzwi.