Mwalimu Mpya na Tumaini la Mashabiki

(Hotuba ya redio. Somo: 1 Wakorintho 3:1–9)

Tunawasalimu kutoka Shanzu, upande wa bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Hapa kwetu ukiuliza habari za mpira baada ya ibada, hupati jibu fupi. Wazee watakueleza mwaka 1965, timu ya Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya. Vijana watakueleza Bandari, iliyomaliza ya pili mwaka 2018, ikawa ya pili tena msimu wa 2018/19, na mwaka 2019 ikatwaa Kombe. Na kila anapoletwa mwalimu mpya wa timu, neno ni lile lile: "Mwaka huu ni wetu!"

Tumaini hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo, na tutaanza mbali kidogo, huko Marekani, ambako limekuwa kubwa kupita kiasi.

Mpira wanaoupenda Wamarekani si huu wetu wa miguu. Wao huchukua mpira wenye umbo la yai, hukimbia nao na kuurusha kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu vichwani. Timu za kulipwa zina ligi yao, na vyuo vikuu vina mashindano yao. Msidhani ya vyuo ni michezo midogo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huingiza watu zaidi ya 100,000. Basi mara kwa mara chuo humwendea mwalimu mwenye sifa katika timu za kulipwa, humwahidi fedha nyingi, naye huja. Siku hiyo mashabiki huanza kuhesabu vikombe kabla mpira haujachezwa.

Tuwatazame watu watatu.

Wa kwanza ni Bill Walsh. Aliiongoza timu ya San Francisco kuwa bingwa wa Marekani mara 3. Mwaka 1992 alirudi Chuo Kikuu cha Stanford, alikowahi kufundisha zamani. Mwaka huo timu ilishinda michezo 10 na kushindwa 3, na watu wakashangilia. Mwaka uliofuata ilishinda 4 tu, na mwaka 1994 ikashinda 3. Akaondoka.

Wa pili ni Nick Saban. Aliacha timu ya kulipwa ya Miami, akaenda Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 2007. Novemba ya mwaka huo huo alishindwa nyumbani na chuo kidogo cha Louisiana-Monroe, 21 kwa 14. Mashabiki waliona aibu kubwa. Lakini aliendelea kufundisha siku kwa siku, na msimu wa 2009 Alabama ikawa bingwa. Alipostaafu Januari 2024 alikuwa amekipatia chuo hicho ubingwa mara 6.

Wa tatu ni Bill Belichick. Katika timu ya New England alikuwa bingwa mara 6 akiwa mwalimu mkuu. Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 72, alikubali kwenda Chuo Kikuu cha North Carolina kwa mshahara wa dola milioni 10 kwa mwaka. Tarehe 1 Septemba 2025 uwanja ulijaa kumwona. Wageni, chuo cha TCU kutoka Texas, wakashinda 48 kwa 14. Msimu huo timu yake ilishinda michezo 4, ikashindwa 8.

Je, mtu huyu alikuwa amesahau mpira? Hasha. Mwaka mmoja hautoshi kumhukumu mwalimu. Ila jina la mtu haliingii uwanjani kucheza. Katika timu ya kulipwa, mwalimu hupewa watu wazima waliokwisha kupepetwa kama mchele. Chuoni hupewa vijana wa miaka 18 au 19, waliotoka kwa mama zao juzi. Wengine watahama chuo, wengine watamaliza masomo na kwenda zao, naye huanza tena na wapya. Hapo vikombe vya zamani havimsaidii. Hana budi kufundisha.

Ndugu zangu, lugha yetu ina hekima. Mtu huyu twamwita kocha, lakini pia twamwita mwalimu. Hapa Shanzu tuna chuo cha walimu. Vijana huingia wanafunzi, hutoka walimu, na kwa mikono yao watoto hujifunza kusoma jina lao wenyewe. Ni nani amewahi kusimama langoni pa chuo hicho siku ya kwanza ya muhula, akidai ubingwa? Hakuna. Kila mtu ajua kwamba kazi ya kumkuza mtu ina wakati wake.

Wakristo wa Korintho walikuwa na ushabiki wao. Hawa walijisifia Paulo, na wale Apolo. Paulo hakufurahi kusikia jina lake likishangiliwa. Aliwakumbusha kwamba yeye na mwenzake walikuwa vibarua katika shamba moja, mmoja wa kupanda na mwingine wa kutia maji, na kwamba uhai wa mmea ulitoka kwa Mungu. Tumaini lililotundikwa juu ya mtu humlemea mtu huyo, na likivunjika humgeukia kwa hasira.

Na hasira hiyo haimpati mwalimu peke yake. Mwalimu akifukuzwa atapata kazi mahali pengine. Je, yule kijana aliyekosa penalti? Anazomewa uwanjani, anachekwa njiani, na Jumamosi ya pili haonekani mazoezini. Ndugu, pwani hii twajua ni nani wanaomngoja kijana aliyevunjika moyo. Wako vichochoroni na unga wao, nao hawamzomei, humwita rafiki. Kombe likipotea laweza kupatikana mwaka mwingine. Mwana akipotea, ni nani atakayemrudishia mama yake?

Kwa hiyo hatusemi mtu asitumaini wala asishangilie. Timu yenu ikipata mwalimu mpya, furahini. Parokia ikiletewa mchungaji mpya, au shule mwalimu mkuu mpya, mpokeeni kwa shangwe. Lakini mpeni muda. Mwombeeni. Msimpime kwa sifa za alikotoka, wala kwa Jumapili yake ya kwanza. Na timu ikishindwa, mmoja wenu amfuate yule kijana aliyekosa, amshike mkono, amwambie: "Kesho njoo mazoezini, tutakungoja." Neno hilo halihitaji dola milioni 10, na kila mmoja wetu aweza kulisema.

Tuombe. Ee Mungu wetu, wewe huchoki kutufundisha. Wape walimu wetu subira, na vijana wetu moyo wa kuanza tena. Utulindie wana wetu, walioshinda na walioshindwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.