RAMANI ZA KURA: ULIZA HESABU KABLA YA KUSADIKI RANGI

(Hotuba kwa wafanyakazi wa Kawangware, Nairobi)



Kila ufikapo wakati wa uchaguzi, tangu kura za mchujo za vyama hata uchaguzi mkuu, twaonyeshwa ramani zilizopakwa rangi: huku kwa fulani, kule kwa fulani. Ramani ni kitu chema, kwa maana macho hufahamu upesi kuliko masikio. Lakini rangi haipigi kura. Mtu ndiye apigaye. Basi yatupasa kujua kuisoma.

Kwanza, ramani hupima ardhi. Kaunti ya Marsabit ni pana mara nyingi kuliko Nairobi, lakini mwaka 2022 wapiga kura walioandikishwa Marsabit hawakufika 170,000, na wa Nairobi walizidi 2,400,000. Katika ramani, Nairobi ni doa tu. Na hapa petu ni vivyo hivyo. Eneo bunge la Dagoretti Kaskazini lina wadi tano: Kilimani, Kileleshwa, Kawangware, Gatina na Kabiro. Mahali pengine, nyumba moja na bustani yake hukaa jamaa mmoja. Kwetu, mahali kama hapo hukaa ploti nzima ya wapangaji.

Pili, rangi moja huficha walioshindwa. Mgombea akipata kura 51 katika kila 100, wadi yote hupakwa rangi yake, na wale 49 huwa kama hawapo. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa urais kurudiwa, watu walipigana hapa Kawangware na maduka yakachomwa. Ndugu zangu, wapangaji wa ploti moja huchota maji mfereji mmoja. Hakuna rangi moja iwezayo kuwapaka wote.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ramani ya kweli hutoka katika hesabu ya kila kituo. Februari 1988, KANU ilipofanya mchujo kwa mlolongo, watu walijipanga mchana kweupe nyuma ya wagombea au mawakala wao. Wengi walilalamika kwamba wenye mlolongo mfupi ndio waliotangazwa washindi. Lakini watu walipokwisha tawanyika, hapakubaki hata karatasi moja ya kura ya kuhesabu tena. Mwaka 2022, IEBC iliweka hadharani fomu za urais za vituo zaidi ya 46,000, na mwananchi aliyetaka aliweza kujumlisha mwenyewe. Vyama navyo yafaa vifanye hivyo katika mchujo.

Basi chama chako kikiita mchujo, dai hesabu ibandikwe mlangoni pa kila kituo, na wakala ainakili. Kisha choreni wadi yenu katika karatasi. Msiipake rangi nzima. Tieni nukta moja kwa kila kura mia, kila mgombea na rangi yake. Hapo mtaona watu, si udongo.

Mshahara twauhesabu kabla ya kutia sahihi. Na kura tuihesabu vivyo hivyo.