Kwihara: Tuandike Habari Zetu
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo hatukuja kuwafundisha a, e, i, o, u. Hayo mmekwisha yamaliza. Tumekuja tuzungumze juu ya Kwihara yetu hii.

Lile tembe la makumbusho wote tunalijua. Mwezi wa Februari 1872 walifika hapa wageni wawili, Stanley na Dk. Livingstone. Mwezi wa Machi Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akabaki hapa mpaka tarehe 25 Agosti. Zaidi ya miezi mitano! Kwa nini asiondoke? Nguo alikuwa nazo. Shanga alikuwa nazo. Wapagazi hakuwa nao. Ilibidi angoje waletwe kutoka pwani.

Mnaona basi? Bila mpagazi, hata bwana mkubwa hatoki alipo.

Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi. Kwenda Bagamoyo kwa miguu ilikuwa kama miezi mitatu. Walipeleka pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na waya. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa katika minyororo. Hilo nalo tusilifiche.

Mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Gari moshi likachukua mizigo ya mamia ya watu kwa safari moja. Misafara ikafa. Tabora mjini, penye stesheni, pakakua. Kwihara ikanyamaza.

Sasa tuulizane. Majina ya wageni yamebaki. Ya wapagazi yako wapi? Chuma na Susi tunawajua, maana wao na wenzao walibeba maiti ya Livingstone kuanzia mwaka 1873, wakapita nayo Unyanyembe mpaka pwani, na habari hiyo iliandikwa. Maelfu ya wengine hatuwajui. Hawakuwa wajinga, la! Hawakuwa na kalamu. Sisi tunayo.

Nasi tumewahi kukosea. Mzee mmoja alitaka kutusimulia safari za babu yake. Tukamwambia, "Tutarudi wiki ijayo, Baba." Tuliporudi tulikuta matanga.

Kwa hiyo tunawapeni kazi. Kila mmoja achukue daftari, aende kwa mzee wake. Amwulize: Babu yako alibeba nini? Alipita wapi? Nani aliyebaki nyumbani akilima na kulea watoto? Andika jina la mzee, tarehe, na maneno yake kama alivyosema. Ukikosea herufi, usione haya. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha. Kisha wasomee watoto.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za wazee wetu ni mali. Twende leo, tusingoje wiki ijayo.